Kopo la Rangi Nyekundu

Aliingia dukani kwangu, Keko, saa nne asubuhi,
shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni,
akataka rangi nyekundu, kopo la lita moja.
Sikumuuliza anakwenda kupaka nini.
Nilitaja bei, akasema punguza, nikapunguza.
Tulielewana, watu wazima wawili,
hakuna aliyemshikia mwenzake rungu.
Risiti nikampa, maana mashine isipotoa karatasi
hutolewa macho mimi.

Jioni nikaikuta rangi yangu
ukutani kwa fundi Mbonde.
Mistari miwili imekatana, mkono wa haraka,
mmoja umevuka dirisha ukachafua nondo.
Chini yake: BOMOA. SIKU 30.
Nikaijua. Ni ile ya mzigo wa Machi,
nzito, haikauki upesi,
ilikuwa bado inachuruzika.

Kiwanja kile Mbonde alikinunua kwa vitanda.
Sisemi kwa fumbo. Vitanda kumi na vinne vya mninga,
tano kwa sita, akivipeleka kimoja kimoja
kwa Bi Siwema aliyekuwa mwenye eneo.
Waliandikiana kwenye karatasi ya daftari,
mjumbe akagonga muhuri,
mashahidi mimi na marehemu Ngubi.
Bi Siwema akapata vitanda vya nyumba yake ya wageni,
Mbonde akapata pa kusimamisha randa.
Hakuna aliyeondoka analia.

Ofisi ilikuja baadaye, na kitabu cha stakabadhi.
Kodi ya jengo, miaka kumi na mmoja.
Leseni. Ushuru wa taka, na taka anachoma mwenyewe.
Ada ya zimamoto, na karakana ya jirani ilipowaka
tulizima sisi, kwa ndoo na matusi.
Miaka yote hiyo nyumba ilikuwa nyumba.
Leo wamepima tena,
imekuwa hifadhi ya barabara.
Pesa waliiona. Ukuta hawakuuona.

Nakumbuka na ile sukari.
Ilipopanda, likatoka tangazo la bei elekezi,
na Mangi Ulomi, mtu muungwana,
akalibandika mlangoni kwa gundi, likanyooka.
Bei ikawepo, sukari isiwepo.
Tukanywa chai na tangazo.
Aliyetaka kilo alibisha dirisha la uani usiku,
akalipa mara mbili,
kwa sababu hofu nayo ina gharama zake
na mtu lazima azirudishe.
Wakaja wakamkamata Ulomi. Sukari haikurudi.
Mkewe aliuza friji kumtoa.

Mbonde ananiambia, kaka, barabara ni ya wote.
Najua. Rangi yangu huletwa na lori, haiji kwa kuogelea.
Sijasema isijengwe.
Nasema anayetaka cha mtu
aje kama alivyokuja yule bwana kwangu:
asimame kaunta, aulize bei,
aombe apunguziwe, alipe,
na akiambiwa siuzi, avae kofia yake aende.
Kwa kopo la rangi aliweza.
Kwa nyumba ya mtu anashindwaje?

Mbonde hakujibu. Alikuwa anahesabu misumari.

Siku ya ishirini na tisa aling'oa mlango,
ule wa mkongo aliouchonga mwenyewe,
maua pembeni na jina la mamaye juu kwa herufi ndogo.
Tukaubeba wanne, tukauegemeza dukani kwangu.
Nyumba bila mlango ilitutazama
kama mzee aliyevuliwa meno ya bandia.

Kesho yake yule bwana akarudi.
Mara hii alitaka makopo sita.
Nikataja bei. Akasema punguza.
Nikanyamaza.
Akageuka, akauona mlango,
akapitisha kidole kwenye ua moja, taratibu,
kidole bado kina wekundu kwenye ukucha.
"Kazi nzuri. Huu nao unauzwa?"

Una mwenyewe, nikamwambia.
Muulize.